Kutoka Pango hadi Kodi ya Pango: Mbinga na Nyasa Walivyobanana Tangu Enzi

Mbinga mjini. Chumba kimoja, godoro la tano kwa sita, majina mawili kwenye daftari la mwenye nyumba. Usiku ukiingia wanalala wanne.

Wawili wa kwanza ndio wapangaji halali. Wa tatu ni mdogo wake mmoja wao, alikuja msimu wa kahawa akasema anakaa wiki moja tu. Wa nne hata wenyewe hawakumbuki vizuri alianzaje. Alikuja kuchaji simu, mvua ikanyesha, basi. Mama mwenye nyumba haulizi kitu, ila kila asubuhi akipita na ndoo anahesabu viatu mlangoni. Luku inaisha kabla ya wiki, choo ni kimoja kwa vyumba vyote, na foleni ya kuoga saa kumi na mbili asubuhi inafanana na ya benki mwisho wa mwezi. Siku ya siku kikao kinaitishwa uani: "Humu ndani niliwapangisha wawili. Hawa wengine ni kina nani?"

Stori hii kila aliyewahi kupanga chumba anaijua. Na maelezo yake yanayozunguka mtaani yanajulikana pia: eti ni mambo ya siku hizi. Lami ya kilomita 66 imetoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, makaa ya mawe ya Ngaka yameleta madereva na mafundi, wilaya ya Nyasa ilipozaliwa mwaka 2012 ikaleta ofisi na watumishi, vyumba havitoshi, vijana wamejaa. Zamani, wanasema, watu waliishi kwa nafasi, kila mtu na kwake, upepo unapita.

Zamani ipi hiyo? Maana ukirudi nyuma miaka kama 160 hivi, kwenye milima hiyohiyo na ufukwe huohuo, unakuta watu wamebanana kuliko geto lolote la leo. Na hawakubanana kwa kukosa adabu.

Kilichowabana kilitoka kusini. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakapanda kaskazini mpaka Ufipa, kiongozi wao mkuu akafia huko, na baada ya kifo chake msafara ukagawanyika. Baadhi ya makundi yakashuka mpaka nchi inayoitwa leo Songea, zikasimama himaya mbili, Njelu na Mshope. Lilikuwa jeshi lenye nidhamu, ngao kubwa na mkuki mfupi, na uchumi wake ulihitaji watu: wa kulima, wa kuongeza vikosi, wa kuolewa. Watu hao walichukuliwa kwa majirani. Majirani wa magharibi walikuwa Wamatengo milimani, na chini yao, kwenye maji, Wampoto na Wanyasa.

Wamatengo walifanya ambacho mtu yeyote angefanya. Walipanda juu. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na mgongo wake wa mlima, zilisogea pamoja kwenye miinuko ya upande wa Litembo, ambako mawe na mapango yalikuwa ulinzi wa bure. Lugha nayo ina utani wake: leo kijana wa Mbinga analipa pango kila mwezi, babu wa babu yake aliingia pangoni bila kulipa senti. Ila kodi yake ilikuwa kukaa kimya usiku kucha na mtoto asilie.

Kule ziwani hakukuwa na mlima wa kukimbilia karibu, kwa hiyo watu waliukimbilia upande ambao Mngoni hakuupenda. Majini. Mwaka 1875 nahodha mmoja Mwingereza alileta meli ndogo ya mvuke iitwayo Ilala, ikaingia ziwani, akalizunguka ziwa zima. Kwenye mwambao wa mashariki alikuta kitu ambacho hakukitarajia: vijiji vimesimama juu ya nguzo ndani ya maji. Miti imechomekwa kwenye sakafu ya ziwa, juu yake jukwaa, juu ya jukwaa vibanda. Wengine walikuwa wamejibana kwenye miamba mitupu inayochomoza majini, mahali ambapo leo mtu angesimama dakika mbili apige picha ya Instagram kisha arudi hotelini. Hao walikuwa wanaishi hapo, wanapika hapo, wanajifungua hapo.

Hebu piga picha ukubwa wa jukwaa la aina hiyo. Kila hatua ya mraba imegharimu mti uliokatwa nchi kavu, ukavutwa kwa mtumbwi, ukachomekwa kwa nguvu za mikono. Hakuna "tuongeze chumba cha uani". Mtu mmoja akiongezeka, wote wanasogea. Mbuzi naye anahesabiwa.

Pale palikuwa na sheria ya nani alale wapi, bila shaka, hata kama hakuna aliyeiandika. Lakini swali lake halikuwa "mko wangapi?" Swali lilikuwa "huyu ni wa nani?" Mtumbwi ukija usiku na watu waliotoroka kijiji kilichochomwa, kuwakatalia jukwaa kulikuwa na maana moja tu, kwamba kesho watakuwa mateka. Kwa hiyo waliingia. Nguzo zililia, watu walilala ubavu kwa ubavu, lakini waliingia.

Na kubanana huko kulizaa mambo ambayo leo watu wanayapigia picha bila kujua asili yake. Yale mashimo ya ngoro yanayopendezesha vilima vya Mbinga ukiwa kwenye basi, mraba baada ya mraba kama sega la asali, ni kilimo cha watu waliokuwa na ardhi kidogo na mlima mkali. Wanaume wanakata nyasi, zinapangwa mistari inayokatana, wanawake wanachimba katikati na kufunika nyasi kwa udongo. Nyasi zinaoza kuwa mbolea, shimo linashika maji ya mvua yasiporomoshe mlima. Mwaka huu maharage, mwaka ujao mahindi. Watu wenye nafasi ya kuhamahama huwa hawajisumbui hivyo. Anayejisumbua hivyo ni yule ambaye hana pa kwenda.

Hata utawala ulikolea hapo. Koo zilizokuwa zinajitegemea, zikibanwa pamoja, zinahitaji mtu wa kuamua. Nguvu za watawala wa Wamatengo zilikua kwenye kipindi hicho cha kujificha pamoja kuzunguka Litembo, siyo kwenye raha ya kila mtu kivyake.

Ndani ya ukoo kulikuwa na kitu kinachoitwa sengu, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana bila sengu historia ya nyumba za Mbinga haieleweki. Mgongo mmoja wa mlima, wenye mabonde na vijito pembeni, unaitwa ntambo. Ntambo moja ilikuwa ya familia kubwa moja: babu, wanawe, wake zao, wajukuu. Wanaume wa familia hiyo walikula pamoja kwa mzee. Vyakula vinatoka nyumba mbalimbali, vinakutana sehemu moja, na wakati wa kula ndipo mambo yanasemwa. Nani kagombana na nani. Nani kafikia umri wa kuoa na ajenge wapi. Nani hana mbegu. Mjane wa marehemu fulani anakula nini.

Kwa maneno mengine, suala la "nyumba hii imejaa" lilikuwa na kikao, tena cha kila siku, tena chenye ugali. Kijana aliyebanana na wadogo zake hakusubiri aitwe uani kwa aibu. Mzee alikuwa anaona mwenyewe, na alikuwa na kitu cha kutoa: kipande cha mlima. Hapo ndipo tofauti kubwa na kikao cha mama mwenye nyumba. Yeye anaweza kusema "wamezidi", basi. Kipande cha mlima hana.

Isidhaniwe sengu ilikuwa peponi. Wanawake ndio waliopika na kuchimba ngoro, na waliokaa kwenye duara la maamuzi walikuwa wanaume. Kijana aliyekosana na babu alikuwa na hali ngumu kuliko mpangaji yeyote, kwa sababu hakuwa na nyumba ya pili ya kwenda kuuliza bei. Lakini angalau mtu aliyehesabu watu ndiye aliyewajibika kuwalisha.

Kisha akaja mtu wa kuhesabu bila kulisha.

Wajerumani walifika Songea kujenga boma mwaka 1897. Mwaka huohuo serikali yao ilitoa amri ya kodi ya nyumba kwa koloni zima, na kuanzia 1898 kila kibanda cha kijijini kilitakiwa kulipiwa rupia 3 kwa mwaka. Wamatengo hawakukubali utawala huo kimyakimya. Mwaka 1902 walipigana na askari wa Kijerumani huko Litembo, mlima uleule uliowaficha kwa Wangoni, na wakashindwa.

Ajabu ni kwamba utawala huo ndio uliomaliza hofu ya zamani. Mashambulizi ya Wangoni yalikoma, na hakukuwa tena na sababu ya kulala juu ya nguzo ziwani au kujazana nyuma ya boma la miti. Watu wakaanza kushuka, kutawanyika, kurudi kwenye ardhi waliyoikimbia. Kama kuna kipindi ambacho ile kauli ya "zamani watu waliishi kwa nafasi" ingeweza kuwa kweli, kilikuwa hiki.

Sasa angalia hesabu ya kodi. Kinacholipiwa ni nyumba, hakilipiwi kichwa. Nyumba tatu, rupia tisa. Nyumba moja yenye watu wa nyumba tatu, rupia tatu. Huhitaji kwenda shule kuona pa kubana. Sehemu nyingi za koloni watu walifanya hesabu hiyohiyo: kijana aliyetakiwa kujenga hakujenga, mama mkwe akaletwa ndani, ndugu wawili wakaweka familia zao chini ya paa moja siku za karani kupita. Serikali ikashtuka, ikaongeza kodi ya kichwa ili mwanaume asiyekuwa na nyumba naye asikwepe. Waingereza walipochukua nchi baada ya vita waliendelea na mtindo huo, na miaka ya 1920 sheria yao ilibana pande zote mbili: mwenye nyumba analipia nyumba, asiye na nyumba analipia kichwa, na mwenye wake zaidi ya mmoja anaongezewa.

Hapo ndipo utani mwingine wa Kiswahili unapochoma. Anachodai serikali kinaitwa kodi. Anachodai mwenye nyumba kinaitwa kodi. Kwa mtu anayelala ubavu ubavu, tofauti kati ya hizo mbili haikuwahi kuwa kubwa sana.

Na wakati karani anasababisha watu wabanane, bwana afya wa serikali ileile alikuwa na kitabu kingine kinachosema nyumba iliyojaa watu ni kero kwa afya. Kuhusu ugonjwa hakukosea. Kifua kikuu kinapenda chumba kisicho na dirisha, na kipindupindu kinapenda choo kimoja cha watu arobaini. Kosa lake lilikuwa kuangalia idadi ya vichwa bila kuangalia karatasi ya mwenzake wa ofisi ya jirani.

Kahawa ilimaliza kazi. Ilianza kushika Umatengo miaka ya 1920, na ilileta hela kweli: bati, baiskeli, ada za shule. Lakini mkahawa si mahindi. Ukiupanda hauondoki, na ardhi uliyoupanda haigawiki tena kirahisi. Mzee ambaye angemkatia mjukuu kipande cha ntambo sasa anaangalia mikahawa yake na kukohoa tu. Migongo ya zamani ikajaa. Vijana wakaanza kuhamia mashariki kwenye ardhi ya chini ya miombo, kufungua mashamba mapya, na kila kaya ikaanza kula kwake. Sengu ikanyongʼonyea. Haikufutwa na mtu, ilikosa tu cha kugawa.

Baada ya uhuru upepo ukageuka kabisa. Serikali sasa ilitaka watu wakae karibu karibu. Shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kumfuata kila mtu kwenye mgongo wake, na mwishoni mwa 1973 ikatoka kauli kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi iishe kabla ya 1976 kwisha. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikaweka namba: ili kijiji kiandikishwe kinatakiwa kiwe na kaya zisizopungua 250. Safari hii hakuna aliyelalamikia kuzidi, kosa lilikuwa kupungua. Sehemu kubwa ya milima ya Umatengo haikupata misukosuko ya kuhamishwa kama mikoa mingine, kwa sababu nyepesi tu: watu walikuwa wamebanana tayari.

Kabla ya hapo, kuanzia miaka ya katikati ya 1960, alikuwa ameshaingia mtu mwingine muhimu: mjumbe wa nyumba kumi, ambaye wengi bado wanamwita balozi. Nyumba kumi, kiongozi mmoja, na kanuni moja ambayo kila mtoto aliyelelewa Tanzania anaijua: mgeni akilala, balozi ajue. Jina, katoka wapi, kaja kwa nani, anakaa mpaka lini.

Vijana wa leo wakisikia hivyo wanaona ni umbea uliopewa cheo. Na kweli kuna mabalozi waliogeuza daftari kuwa silaha, wakajua nani kalala kwa nani na habari ikafika kisimani kabla ya mgeni kuamka. Lakini balozi huyohuyo ndiye aliyejua nyumba ipi ina wagonjwa watatu, na kijana yupi amelala jikoni mwezi wa pili, na alikuwa anapita. Swali lake lilikuwa karibu na lile la kwenye jukwaa la ziwani. Huyu ni wa nani? Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa mtu wa chama, mambo ya serikali yakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, na swali hilo likapoteza mwenyewe. Mwenyekiti ana mhuri, na mhuri unatafutwa ukihitaji barua tu.

Nafasi hiyo ndiyo imejazwa na mama mwenye nyumba.

Yeye naye ana lake, tusimwonee. Nyumba aliijenga kidogo kidogo, kwa hela ya kahawa au mafao, tofali kwa tofali. Shimo la choo alilichimbia watu kumi, linajazwa na watu ishirini na tano, na gari la kunyonya ni hela yake. Maji yakikatika, wanaomgongea ni wapangaji wote. Akiwapokea wa ziada bila neno, mwakani nyumba imechakaa. Akiwafukuza, anaonekana hana utu, na mmoja wao ni mtoto wa shemeji yake. Zamani kulikuwa hata na sheria ya nchi ya kudhibiti pango na mabaraza yake, ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo ni mkataba, na mikataba mingi ya Mbinga na Mbamba Bay haijaandikwa popote zaidi ya daftari la kaunta lenye majina mawili.

Kwa hiyo kila mmoja ametunga zake. Mgeni mwisho siku tatu. Anayezidi analipa nusu ya umeme. Mlango wa nje unafungwa saa nne. Wengine wanataka kitambulisho cha kila anayelala, wengine wanapandisha kodi kwa kila kichwa, kama Mjerumani wa pili. Upande wa ziwani, usipa na dagaa wakichanganya, wavuvi wanaokuja kwa msimu wanajazana vyumbani kwa zamu: wanaotoka majini alfajiri wanalalia mikeka ambayo bado ina joto la waliokwenda sokoni. Mwenye nyumba anahesabu watu sita. Wako kumi na wawili, ila hawajawahi kuwa ndani wote kwa pamoja, kwa hiyo kiufundi hakuna aliyedanganya.

Na yule wa nne, aliyekuja kuchaji simu? Kwao ni juu huko milimani. Baba yake ana ndugu watano na mikahawa isiyogawanyika. Akirudi, analala jikoni. Akibaki, analala ubavu, anaamka saa kumi na moja kuwahi foleni ya bafu kabla mwenye nyumba hajatoka, anasubiri gari la makaa lipite apate kibarua. Rafiki zake wanajua kabisa kwamba wanavunja makubaliano. Usiku ule wa mvua walimwambia aingie, na hawajapata namna ya kumwambia atoke.

Mama mwenye nyumba bado anahesabu viatu kila asubuhi, na kila asubuhi anakuta jozi mbili. Zile nyingine siku hizi zinalala ndani, chini ya godoro.